Mchezo wako wa sataranji umetoka sare? Uchambue hivi, kuanzia ufunguzi

Swali hili naulizwa kila wiki na wachezaji wapya: "Mwalimu, tumetoka sare. Sasa hapo nichambue nini?" Aliyefungwa anajua pa kuanzia, kwa sababu kuna hatua moja inayomuuma. Mwenye sare hana kinachomuuma, kwa hiyo anakunja karatasi na kwenda zake. Hilo ni kosa kubwa. Kwa ngazi ya klabu, sare nyingi ni ushindi uliopotea njiani bila yeyote kati ya wachezaji wawili kuuona, na usipoutafuta utaendelea kuupoteza pale pale.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua sheria, unacheza na wenzako hapa Mwanza, iwe Nyegezi, Kirumba au Igoma, na umeshaanza kuandika hatua zako. Nitautumia mchezo mmoja wa vijana wawili ninaowafundisha. Walicheza ufunguzi wa Kiskoti, wakatoka sare kwenye hatua ya 59. Tandika ubao uufuate.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi ya hatua, iliyoandikwa hadi mwisho.
- Ubao na kete za kushika mkononi. Kioo cha simu kinakufanya upite haraka.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Mpinzani wako, kama anakubali kukaa nawe hata nusu saa.
- Muda wa saa moja na nusu hivi. Usianze ukiwa unakimbilia daladala.
- Simu yenye Lichess, programu ya kucheza na kuchambua sataranji. Ni ya bure na haina matangazo. Iweke mbali mpaka hatua ya 7 ya mwongozo huu.

Herufi nitakazotumia ni zile zile za kwenye karatasi za mashindano: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, au pawni kama wengi wanavyokiita, hakina herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, na O-O ni kaslingi upande wa mfalme. Nukta tatu baada ya namba, kama 4...Nxd4, zinaonyesha hatua ya nyeusi.

Hatua kwa hatua

1. Andika sare ilivyopatikana. Fanya hivyo pale pale mezani, juu ya karatasi. Mlikubaliana? Hali moja ilijirudia mara tatu? Zilipita hatua 50 bila kitunda kusogea wala kete kuliwa? Mfalme alikwama bila kupigwa cheki? Au kete zilizobaki haziwezi kumfunga mtu? Kila jibu linakupeleka sehemu tofauti ya mchezo. Sare ya makubaliano kwenye hatua ya 18 inakutaka uchunguze woga wako wa wakati ule. Sare ya mkwamo, kama ya vijana hawa, inakutaka uanze kutazama mwishoni kisha urudi nyuma.

2. Pitia mchezo na mpinzani, bila simu. Kila mmoja aseme alikuwa anaogopa nini. Usibishane naye. Andika tu pembeni kwa kalamu ya rangi ya pili. Utashangaa mara ngapi ulikuwa unakinga kitu ambacho mwenzako hakukifikiria kabisa, na yeye akiwa amekesha na tishio ambalo wewe hukuliona. Kama mpinzani ni mkubwa kwako kiumri, mwombe kwa adabu baada ya kupeana mikono: "Shikamoo mzee, naomba tuutazame kidogo." Wengi hukubali.

3. Tenga ufunguzi na mchezo uliobaki. Chora mstari kwenye karatasi mahali ulipoacha kucheza kwa kujua na kuanza kucheza kwa kufikiri. Kwa vijana wetu, hatua zilikwenda hivi:

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.d4 exd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 Bb4 6.Nxc6 bxc6 7.Bd3 d5 8.exd5 cxd5 9.O-O O-O 10.Bg5 c6 11.Qf3 Be7

Hapo pande zote mbili zimecheza vizuri. Jina la Kiskoti limetokana na mchezo wa barua kati ya klabu za Edinburgh na London ulioanza mwaka 1824, na Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliurudisha kwenye mashindano makubwa mwaka 1990 alipocheza na mpinzani wake Karpov. Kwa hiyo usiudharau.

Sasa usikariri tu. Simama kwenye hatua tatu hizi:

Hatua ya 4. Nyeusi wengi wapya hula farasi, 4...Nxd4, halafu 5.Qxd4. Malkia wa nyeupe amekaa katikati ya ubao na farasi wa c6, aliyekuwa amfukuze, hayupo tena. Nyeusi ametoa kete yake nzuri ili kumsogeza malkia wa adui mahali pazuri.

Hatua ya 5. Bb4 inamfunga farasi wa c3 asisogee, kwa hiyo kitunda cha e4 kinabaki bila mlinzi mbele ya farasi wa f6. Nyeupe lazima akikinge.

Hatua ya 6. Tahadhari: mkono unakimbilia 6.Bd3 moja kwa moja, kwa sababu inakinga e4. Usicheze hivyo. Askofu akikaa d3 anaziba safu ya d, malkia wa d1 hamlindi tena farasi wa d4, na nyeusi anamla bure kwa 6...Nxd4. Ndiyo maana kwanza ni 6.Nxc6, kisha 7.Bd3. Kosa hili nimeliona kwa wachezaji wapya mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la ufunguzi huu. Likikaa kichwani mwako leo, umeshapata faida.

Baada ya hatua ya 11, hesabu. Kila upande una vitunda sita, farasi mmoja, maaskofu wawili, ngome mbili na malkia. Safu ya e iko wazi kabisa, haina kitunda cha mtu yeyote. Ngome za pande zote zitakuja kukutana hapo, na zikikutana zitaliana. Ufunguzi wenyewe umeshakwambia hatari ya sare inatokea wapi.

4. Hoji kila mabadilishano. Hapa ndipo penye kazi kubwa, usipite haraka.

Wachezaji wengi wa Mwanza wamekulia kwenye drafti, kwenye vijiwe vya mtaani, ubao wa mbao na vizibo vya soda. Drafti inakufundisha mambo mengi mazuri: kuhesabu mbele, kutulia, kumwekea mtu mtego. Lakini kwenye drafti kula ni lazima. Mtoto aliyecheza drafti miaka mitano anakuja kwenye sataranji na mkono uliozoea kula kila kinacholika. Sataranji haikulazimishi. Kete inaweza kukaa mdomoni mwa kete yako hatua kumi na usiile, na mara nyingi tishio la kula lina nguvu kuliko kula kwenyewe.

Zungushia duara kila mahali palipo na alama ya x baada ya ufunguzi. Kwa kila duara, jibu maswali mawili: baada ya kubadilishana, kete ya nani iliyobaki ni bora? Na je, nilikuwa na sababu nyingine zaidi ya "ilikuwa inawezekana"?

Kijana wa nyeupe alicheza 12.Bxf6 Bxf6. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza muda, kisha akasema: "Alikuwa amekaa pale tu." Tazama alichotoa. Askofu wake wa g5 alikuwa kete hai. Nyeusi alikuwa ameshatumia hatua nzima kumrudisha askofu wake e7 ili farasi awe huru. Baada ya mabadilishano, nyeusi amebaki na maaskofu wawili, na mmoja wao yuko f6 akitazama moja kwa moja hadi c3 na b2. Nyeupe hakupata chochote. Angeweza kuleta ngome e1 na kusubiri.

Kisha ngome zikakutana safu ya e kama tulivyotarajia, na zote nne zikatoka. Malkia nao wakafuata. Kufikia hapo mchezo ulikuwa unaelekea sare kwa miguu yake wenyewe, na ni nyeupe, mwenye hamu ya kushinda, aliyekuwa akianzisha karibu kila kula.

Tahadhari: sisemi usibadilishane. Ukiwa na kete zaidi, badilishana. Ukiwa umebanwa, badilishana. Lakini ukiwa sawa na unataka ushindi, kila kete unayoitoa inapunguza kitu cha kushindia.

5. Tafuta hatua ambayo ushindi ulitoroka. Licha ya yote hayo, nyeupe alipata bahati baadaye: nyeusi alipoteza vitunda, na kwenye hatua ya 52 hali ilikuwa hivi. Weka ubaoni sasa hivi:

Nyeupe: mfalme d4, kitunda c2.
Nyeusi: mfalme d6 peke yake.
Zamu ya nyeupe.

Wafalme wametazamana, katikati yao kuna nyumba moja. Kwenye hali kama hii mwenye zamu ndiye mwenye shida, maana akisogea anampisha mwenzake. Ila nyeupe ana kitunda kilicho nyuma na anaweza kukitumia kupoteza zamu. Akicheza 52.c3, yaani hatua ndogo kabisa ya kitunda, zamu inahamia kwa nyeusi na mfalme mweusi analazimika kupisha. Jaribu mwenyewe:

- 52...Ke6 53.Kc5 Kd7 54.Kb6 Kc8 55.Kc6, na mfalme mweupe amefika mstari wa sita mbele ya kitunda chake. Huo ni ushindi, zamu iwe ya nani.
- 52...Kc6 53.Kc4 Kb6 54.Kd5 Kc7 55.Kc5 Kd7 56.Kb6 Kc8 57.Kc6, yale yale.

Kijana wetu alicheza 52.c4. Alikiruka kitunda nyumba mbili, kama tulivyozoea kufanya mwanzoni mwa mchezo. Tofauti ni nyumba moja tu, na ushindi umeondoka. Baada ya 52...Kc6 kitunda kimemaliza hatua yake ya akiba, mfalme mweupe hayuko mbele ya kitunda bali pembeni yake, na hakuna njia tena. Iliendelea: 53.c5 Kc7 54.Kd5 Kd7 55.c6+ Kc7 56.Kc5 Kc8 57.Kd6 Kd8 58.c7+ Kc8 59.Kc6, na nyeusi hana pa kwenda wala hajapigwa cheki. Mkwamo. Sare.

Kaa na hali hii mpaka uielewe kwa vidole. Cheza c3 mara nyingi dhidi ya rafiki anayekinga, kisha badilishaneni. Kanuni ya kubeba ni hii: mfalme atangulie, kitunda kifuate, na hatua ya akiba ya kitunda usiitumie mpaka wafalme wametazamana na zamu ni yako. Kanuni hii haifanyi kazi kwa vitunda vya pembeni kabisa, safu ya a na ya h. Hivyo vina mambo yake, na mfalme anayewahi kona mara nyingi anaokoka.

6. Geuza ubao, kaa upande wa pili. Mtu wa nyeusi hakupewa sare bure. Baada ya 56.Kc5 alikuwa na hatua moja tu ya kuokoka, nayo ni 56...Kc8, kurudi nyuma moja kwa moja. Angekwenda 56...Kd8, basi 57.Kd6 Kc8 58.c7 Kb7 59.Kd7 na kitunda kinakuwa malkia. Angekwenda 56...Kb8, basi 57.Kb6 Kc8 58.c7 Kd7 59.Kb7, mwisho ule ule. Ukiwa mkingaji mwenye mfalme peke yake, rudi nyuma kwa mstari ulionyooka, ili adui akikanyaga kushoto au kulia uweze kumtazama uso kwa uso. Kama sare yako uliipata kwa kukinga, hatua hii ya 6 ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Kukinga vizuri ni ustadi kamili, na mtu aliyekinga vizuri anastahili kujivunia.

7. Sasa washa simu. Ingiza mchezo kwenye Lichess, tafuta mahali pa kuchambua, ulinganishe na ulichoandika kwa kalamu. Pale kete zikibaki saba au pungufu, wafalme wakiwemo, Lichess ina hazina iliyokokotolewa yote na inakwambia bila kukisia kama hali ni ushindi au sare. Weka hali ya hatua ya 52 uone c3 na c4 zinavyopata majibu tofauti.

Tahadhari: usianze na simu. Ukiiona namba ya kompyuta kabla hujafikiri, akili inalala, na wiki ijayo utarudia kosa lile lile ukiwa na uhakika kwamba unalijua.

8. Andika mistari mitatu, ubadilishe kitu kimoja. Mstari wa kwanza uwe wa ufunguzi, wa pili mabadilishano, wa tatu mwisho wa mchezo. Mistari ya kijana wetu ilikuwa: "6.Nxc6 kabla ya Bd3. Usile f6 bila sababu. c3, siyo c4." Inatosha.

Kama umechoshwa na ubao kufunguka na kila kitu kuliana, badilisha hatua moja ya ufunguzi. Kwenye Kiskoti hiki, badala ya 5.Nc3, jaribu 5.Nxc6 bxc6 6.e5 Qe7 7.Qe2 Nd5 8.c4. Ubao unakuwa na mvutano, kete zimekaa vibaya kwa pande zote mbili, na sare haiji kirahisi. Lakini jiandae: na wewe unaweza kufungwa. Usibadilishe ufunguzi mzima kwa sababu ya sare moja. Kwenye mchezo huu ufunguzi ulifanya kazi yake sawasawa.

Kuhusu kudai sare kwenye mashindano

Watu wanapoteza haki zao hapa, kwa hiyo soma taratibu.

Kumpa mpinzani sare: cheza hatua yako ubaoni, sema "naomba sare", ndipo ubonyeze saa. Andika (=) kwenye karatasi. Usiseme wakati yeye anafikiri, na usirudie ombi kila dakika. Huo ni usumbufu.

Kudai sare kwa hali kujirudia mara tatu: lazima zamu iwe yako. Kama hatua unayotaka kucheza ndiyo itakayoleta hali hiyo mara ya tatu, iandike kwenye karatasi bila kuicheza, kisha mwite mwamuzi. Ukigusa kete kwanza, haki imekwenda kwa hatua hiyo. Hali inahesabiwa kuwa ile ile pale tu kete zote ziko nyumba zile zile, zamu ni ya mtu yule yule, na hatua zinazoruhusiwa ni zile zile. Na si lazima zifuatane.

Hatua 50 zinahesabiwa kwa kila mchezaji, yaani 50 zako na 50 zake, bila kula na bila kitunda kusogea. Ukidai kimakosa, mpinzani anaongezewa dakika mbili. Kwa hiyo hesabu kwenye karatasi kabla ya kunyoosha mkono.

Yanapokwama

*Karatasi yangu imeruka hatua.* Rudi kwenye ubao na ucheze hadi pale panapogoma, kisha linganisha na karatasi ya mpinzani. Mara nyingi mmoja ameandika hatua mbili kwenye mstari mmoja. Mkichezea barazani karibu na ziwa, upepo wa mchana unabeba karatasi. Ibane kwenye ubao mgumu wa kuandikia au iwekee saa ya mchezo juu ya kona.

*Farasi wawili wanaweza kwenda nyumba moja, sijui yupi alikwenda.* Andika na safu aliyotoka: Nbd2 ni farasi wa safu ya b, Nfd2 ni wa safu ya f.

*Simu inasema hali ilikuwa sawa mwanzo mpaka mwisho.* Basi fanya kazi na hatua ya 4 ya mwongozo huu. Kuna mahali mchezo ulikuwa na kete nyingi na mahali ulibaki na chache. Tafuta nani alianzisha na alitaka nini.

*Mpinzani hataki kukaa nami.* Usimlazimishe. Cheza upande wake mwenyewe, hatua zake zote, ukikaa kiti cha upande ule. Ukikaa upande uliozoea utaona kete zako tu.

*Nimeelewa c3 na c4, lakini kwenye mchezo nasahau.* Tatizo ni muda. Ukifika mwisho wa mchezo na dakika mbili, huwezi kuhesabu wafalme. Kwenye mchezo unaofuata, andika pembeni ya karatasi muda uliobaki kila baada ya hatua kumi, kisha utazame ulitumia dakika nyingi wapi. Kama zilikwisha kabla ya hatua ya 12, rudia hatua ya 3 ya mwongozo huu mpaka hatua zile kumi na moja uzicheze ukiwa na sababu ya kila moja.